Dhahabu mnaipima, rimu mnaipaka rangi

Wadau, leo sizungumzii makinikia. Nazungumzia spoti rimu. Najua wapo watakaoguna kwamba mwandishi mzima kaishiwa habari mpaka anaandika mambo ya gereji. Guneni, ila someni mpaka chini.

Hivi mmewahi kumtazama broka wa dhahabu akinunua mzigo? Kuanzia Kakola mpaka Katoro, ukimpelekea kakipande kadogo kama punje ya mahindi hakubali eti kwa sababu kanang'aa. Anakapima hewani, anakazamisha majini anakapima tena, na ile tofauti ya uzito inamwambia kama ni dhahabu safi au imechanganyika na fedha na shaba. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo, usafi unapimwa kwa mashine pia. Hakuna anayeamini mng'aro. Halafu broka huyo huyo anapeleka gari kwa fundi rangi, rimu imemeguka ukingo, jioni anarudishiwa inameremeta, analipa, anaondoka. Hajauliza swali hata moja. Ebo!

Na huku kwetu rimu haziumii kwa kuegesha vibaya tu kama huko Dar. Kingo za zege tunazo mijini na watu wanazigonga, sawa. Lakini malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita Tinde, Isaka na Kahama mchana na usiku. Ukilipisha moja unashuka pembeni, na ukitaka kupanda tena tairi inapiga ukingo wa lami uliomeguka. Hapo hujakwaruza, umegonga. Mkwaruzo na kugonga ni magonjwa mawili tofauti, na biashara nzima ya kung'arisha rimu inaishi kwa kujifanya ni ugonjwa mmoja.

Mkwaruzo dawa yake ipo na fundi wetu anaiweza vizuri. Tairi inavuliwa, rimu inaoshwa mafuta na vumbi la breki, inapigwa msasa mnene kisha mlaini, puti kidogo kwenye uso wa nje, praima, rangi, halafu klia. Kazi ya kijana mwenye subira, na mimi namvulia kofia. Masharti ni madogo tu: asipake rangi pale nati zinapokaa wala pale rimu inapogusana na habu. Tabaka la rangi likibanwa hunywea, nati zinalegea, na gari inaweza kuacha tairi njiani.

Kugonga ni habari nyingine. Rimu nyingi za aina hii ni aluminiamu yenye silikoni kama asilimia 7 na magnesiamu kidogo. Kiwandani hupashwa moto karibu nyuzi 540, ikazamishwa majini ghafla, kisha ikaokwa tena taratibu kwa joto la chini. Nguvu yake inatoka humo kwenye mapishi. Sasa wewe umeikunja, fundi anaipasha moto wa gesi aigonge nyundo irudi. Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, kinakuonya. Aluminiamu haikuonyi. Hii ya rimu inayeyuka hata kabla ya kufika nyuzi 660, bila kuwa nyekundu kwanza, kwa hiyo fundi anayepima kwa macho hajui ameshaharibu mapishi kiasi gani. Akichomelea ufa, sehemu ya pembeni ya weldi inabaki laini kuliko ilivyotoka kiwandani, na kila mzunguko wa tairi unaivuta na kuiachia. Ufa unaanza upya, safari hii chini ya puti na rangi ya fedha, usiuone tena.

Matairi mengi ya magari yetu madogo hayana tyubu. Maana yake rimu yenyewe ni ukuta wa kuzuia upepo. Ufa mdogo unavujisha polepole, tairi inakwenda ikiwa laini, inapata moto, inapasuka. Na mnajua inapasukia wapi? Kwenye mchomoko wa Katoro uliojaza abiria mpaka mlango unafungwa kwa bega. Abiria hajawahi kuuliza habari za rimu. Amepanda gari zuri.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, na nisiidharau. Wanasema maisha magumu, rimu mpya ni pesa, na hata zile za mtumba kutoka Japani nani anajua zilipigwa wapi. Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema funga rimu ya chuma! Bei yake ni ya kibinadamu, ikigonga shimo kwa kawaida inajikunja kabla ya kupasuka, na ni mbaya kwa sura tu. Tatizo letu siyo pesa, tusidanganyane. Kijana akipata mzigo kwenye duara, kitu cha kwanza ni gari, cha pili ni spoti rimu, na akionekana mtaani na rimu za chuma wenzake watasema amefulia. Tunapanda juu ya ufa ili tusichekwe.

Fundi simwachi salama hata hivyo. Anayeona ufa akaufukia kwa puti bila kumwambia mwenye gari ana tofauti gani na anayeuza shaba kwa jina la dhahabu? Wa shaba akikamatwa pale sokoni anaitiwa polisi. Huyu wa puti anapewa na bakshishi.

Trafiki naye anakagua stika, anakagua mtungi wa kuzimia moto, anakagua reflekta. Vizuri. Ainame basi atazame na rimu ya mchomoko, hasa upande wa ndani ambao hakuna anayeupaka rangi. Na vyuo vya VETA vya huku, vinavyofundisha vijana kuchomelea, viwafundishe pia kutafuta ufa. Ipo rangi nyekundu ya kupenyeza: unapaka, unafuta, unapulizia unga mweupe, ufa uliofika juu unajichora wenyewe. Wahandisi wa mitambo wanaitumia miaka mingi. Haihitaji umeme wala mtaalamu kutoka nje.

Wale mtakaonipigia kwamba nawaharibia watu biashara, wabeja sana, nawasubiri. Njooni na rimu mliyoing'arisha wiki iliyopita, tairi likiwa limejazwa upepo. Mimi nitaleta beseni la maji, kubwa kidogo kuliko lile la broka.