Toyota Haifi, Tunakufa Sisi

Najua kwamba nitakayoyaandika hapa yatawaudhi watu wengi ninaowaheshimu, wakiwamo jirani zangu na baadhi ya jamaa zangu wa damu. Lakini ukweli usiposemwa na mkaaji wa mji utasemwa na mpita njia, na mpita njia hana huruma. Jambo lenyewe ni hili: sisi watu wa Masumbwe, pamoja na wenzetu wa ukanda huu wa dhahabu kuanzia Kahama hadi Geita, tumeligeuza jina la Toyota kuwa hirizi. Tulikuwa hivyo tulipokuwa Mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 tulipoingizwa Wilaya ya Mbogwe katika mkoa mpya wa Geita, hirizi ni ile ile. Tunaivaa, tunaiapia, na kwa kuwa tunaiamini, tumeacha kufikiri.

Msikilize mwenye gari yeyote pale stendi. Atakupa hoja nne. Kwanza, spea zake zinapatikana hata kwenye duka linalouza chumvi na viberiti. Pili, hakuna fundi asiyeijua, hata yule aliyejifunzia chini ya mwembe. Tatu, siku ukipatwa na shida, msiba au ada ya mtoto, huuzi kwa kubembeleza. Mnunuzi anakuja mwenyewe. Hoja hizi tatu nazikubali bila ubishi. Mtu wa kipato cha chini hana anasa ya kununua gari ambalo spea yake inasubiriwa mwezi mzima kutoka Dar es Salaam. Kumcheka mtu huyo ni kiburi cha mjini.

Ubishi wangu uko kwenye hoja ya nne, inayotamkwa kwa sauti kubwa kuliko zote: “Toyota haifi.” Sentensi hii ni uongo, tena ni uongo unaoua. Ili nieleweke, sharti nieleze kwanza jina hili lilitoka wapi, maana wengi wanaoliapia hawaijui hata robo ya habari zake.

Aliyeanzisha ukoo wa kazi hiyo, Sakichi Toyoda, hakuwa mtu wa magari. Alizaliwa mwaka 1867, mtoto wa fundi seremala katika kijiji cha Japani, na jina la ukoo wao maana yake ni majaruba yenye rutuba. Mtu wa Masumbwe aliyekulia kwenye mpunga hahitaji kufafanuliwa zaidi. Sakichi aliona wanawake wa kwao wakitaabika kufuma nguo kwa mikono, akaanza kuchezea mbao na nyuzi hadi akaunda mtambo bora wa kufumia, aliousajili mwaka 1891. Hakukoma. Mwaka 1924 akatoa mtambo uliojiendesha wenyewe, na ndani yake kulikuwa na akili moja ambayo naomba msomaji aishike vizuri: uzi mmoja ukikatika, mtambo ulisimama. Haukuendelea kufuma nguo mbovu. Ulisimama, mtu akaja, akaunga uzi, kazi ikaendelea.

Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, nchi iliyokuwa mwalimu wa dunia katika viwanda vya nguo, ilikubali kulipa pauni 100,000 kwa haki ya kutengeneza mtambo huo. Fedha hizo zinatajwa kuwa zilisaidia kumpa nguvu mwanawe, Kiichiro, ya kuingia katika utafiti wa magari. Idara ya magari ikafunguliwa mwaka 1933, lori la kwanza likauzwa mwaka 1935, na mwaka 1937 kampuni ya Toyota ikasimama peke yake.

Je, magari hayo ya kwanza hayakufa? Yalikufa, tena hadharani. Lori lile la 1935 liliharibika njiani mara kwa mara, na wenye kampuni wakawa wanalifuata lilikokwama, wanalitengeneza na kuandika kilichovunjika. Mwaka 1950 kampuni yenyewe ilikaribia kufilisika. Kukawa na mgomo, wafanyakazi wengi wakapoteza kazi, na Kiichiro akajiuzulu. Mwaka 1957 walipeleka gari lao la Crown Marekani. Likashindwa mwendo wa barabara kuu za huko. Hawakusema “Crown haifi.” Walirudi kiwandani.

Na kiwandani ile akili ya uzi iliwafuata. Juu ya mstari wa kuunganisha magari pana kamba, na mfanyakazi wa kawaida kabisa, akiona kasoro, anaruhusiwa kuivuta. Asipopatiwa ufumbuzi haraka, mstari unasimama. Siri ya sifa tunayoiimba stendi ni hiyo: hapo mnyonge ana haki ya kusema simama, na mkubwa analazimika kusikiliza.

Sasa njoo Masumbwe tuone tumeifanyia nini akili hiyo.

Nimepanda mara nyingi ile michomoko inayokwenda Kahama. Probox ilitengenezwa kubeba watu watano na mizigo ya dukani. Siku moja nilihesabu watu kumi na mmoja, mimi nikiwamo: wanne wamebanana nyuma kwenye sehemu ya mizigo, na dereva amekalia nusu ya kiti, kwa kuwa nusu nyingine amepewa abiria. Kwenye dashibodi palikuwa na kipande cha plasta nyeusi. Nikauliza, “Mwanangu, hicho ni cha nini?” Dereva akanijibu kwa adabu zote, “Mzee, hapo kuna taa ya injini, ilikuwa inasumbua macho.” Mama mmoja aliyembeba mtoto akaomba mwendo upunguzwe. Akaambiwa kama anaogopa, ashuke. Abiria wengine wakacheka, na mmoja akamtuliza: “Usiwe na wasiwasi mama, hii ni Toyota.”

Hapo ndipo ninapokasirika. Babu wa gari lile alijulikana kwa mtambo uliosimama uzi ulipokatika. Sisi tunabandika plasta juu ya taa inayotuambia uzi umekatika. Wao wamemwekea kibarua kamba ya kuvuta. Sisi tunamshusha njiani mama anayeivuta. Kisha tunajiita watu wa Toyota! Sisi si watu wa Toyota. Sisi ni watu wa bati lake.

Nitaambiwa kwamba ni umaskini. Umaskini naujua, nimelala nao chumba kimoja. Lakini plasta ile ilinunuliwa kwa fedha. Gari lile lilikuwa na redio mpya yenye mlio wa kutingisha kifua, na tairi zake zilikuwa kipara. Mwenye gari, aghalabu mtu anayeheshimika sana mjini, anamdai dereva hesabu yake kila jioni, lakini hamuulizi breki zikoje. Dereva anajua kwamba akilaza gari siku moja gereji, kesho ufunguo utapewa mwingine. Huyu tunamlaumu peke yake gari linapopinduka, na yule wa hesabu anakuja msibani na mchele.

Wengine watasema kazi hiyo ni ya trafiki. Ndiyo, trafiki ana wajibu wake. Lakini barabara hii ni ndefu, inapitisha malori usiku na mchana kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na askari hawezi kukaa kwenye kila kona. Watu kumi na mmoja walioko ndani ya gari wapo kwenye kila kona. Wakiamua wote kunyamaza, askari mmoja atafanya nini?

Kosa la hirizi halikomei barabarani. Tazama mambo mawili tunayojivunia, pamba na dhahabu. Pamba ya Usukuma ilikuwa na sifa tangu enzi za ukoloni. Wakulima wake, wakiongozwa na akina Paul Bomani, waliunda vyama vya ushirika vilivyotetemesha wafanyabiashara wa wakati ule. Baadaye tukawa na viwanda vya nguo, Mwatex pale Mwanza, Mutex Musoma, Tabotex Tabora. Leo sehemu kubwa ya pamba yetu inasafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Mjapani alianza na uzi wa pamba akafika kwenye gari. Sisi tulianza na pamba yenyewe shambani, tukafika kwenye kununua gari lake lililokwisha kutumika.

Dhahabu ndiyo kabisa. Kijana akibahatika duarani, jambo la kwanza ni Land Cruiser mkonga. Simkatazi, jasho ni lake na shimo lingeweza kumfukia. Lakini namuuliza: katika fedha ile, umeweka ngapi kwa fundi? Pale gereji pana vijana wenye vipaji vya ajabu, wanaoshusha injini kwa winchi ya kuazima na kuirudisha jioni inanguruma. Hakuna aliyewanunulia hata seti kamili ya spana. Tunamwamini Sakichi wa Japani, mtoto wa seremala, na Sakichi wetu tunamlipa soda.

Tena tulipojaribu kutengeneza cha kwetu, tulifanyaje? Kituo cha Nyumbu kule Kibaha kiliunda lori la Kitanzania katika miaka ya 1980. Wengi tulilicheka kwa sura yake na kasoro zake. Lori la Kiichiro lilikuwa na kasoro pia. Tofauti ni kwamba la kwake lilifuatwa barabarani likatengenezwa, na la kwetu lilifuatwa na vicheko.

Sisemi kwamba wenye Toyota ni malaika. Mwezi Desemba 2023 iligundulika kwamba Daihatsu, kampuni iliyo chini yao, ilidanganya katika majaribio ya usalama wa magari kwa miaka mingi. Hata waliobuni kamba ya kuvuta wanaweza kuisahau. Lakini jambo lilipodhihirika, Daihatsu ilisimamisha kupeleka sokoni magari yake yote, na Mwenyekiti wa Toyota, Akio Toyoda, kitukuu wa Sakichi, akaomba radhi hadharani. Kama jina lenyewe linaweza kukosea huko lilikozaliwa, wewe unapata wapi ujasiri wa kuliamini likiwa limekwisha zunguka kilometa laki mbili, kwenye lami ya kwao na vumbi la kwetu?

Kwa hiyo nasema wazi. Mwenye gari, kabla ya kuuliza hesabu, uliza breki; na siku ya gereji usimdai dereva kitu. Dereva, bandua plasta. Fundi, ukifungiwa spea feki kwa shinikizo la tajiri, kataa, na sisi wengine tuwe nyuma yako. Nawe abiria mwenzangu, mama yule akisema “punguza mwendo,” usicheke. Sema naye. Watu kumi wakisema kwa pamoja, dereva hawezi kuwashusha wote, maana hapo atakuwa hana nauli.

Wazee wa Kisumbwa walisafiri kwa miguu hadi Katanga na kurudi, na walifika kwa sababu waliangalia njia na hali ya kila mpagazi. Hawakuwa na jina la gari la kuliapia. Sisi tunalo, tumeliacha liangalie njia kwa niaba yetu, na jina halina macho. Toyota ikipinduka leo, kesho kiwandani watatengeneza nyingine. Aliyekuwamo ndani hatengenezwi tena.