Ila ya Ala Kongwe

Wako wasemao kwamba kinanda cha umeme kimezifuta ala za kale, kwa kuwa kitufe kimoja hutoa sauti za kundi zima. Hoja hiyo yamfaa mwenye kuhesabu ujira wa wapigaji, haimfai mwanamuziki.

Kinanda cha Hammond, kilichotoka Marekani mwaka 1935, kilitoa mlio mfupi wa kugonga kila kibao kilipobonyezwa. Waundaji waliuhesabu kuwa ila. Wapigaji wa jazi na roki wakaupenda, na leo vinanda vipya huundwa kuuiga. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alipiga ilimba ya Kigogo, ambayo utando wa buibui huitia mvumo. Asafishaye mvumo huo huiua ilimba.

Huko Mkunya, katika uwanda wa juu wa Newala, ngoma huoteshwa moto ngozi ikaze, na sikio la mpigaji ndilo hakimu. Elimu hiyo haimo katika kitufe. Kinanda cha umeme na kije, lakini shule zisizowaita wazee wa ngoma wangali hai zitabaki na mwangwi wa ala ambazo hakuna awezaye kuzipiga.