Njia za Mto Zipo, Tuunganishieni

Nairobi ina njia nzuri sana za kutembea na kuendesha baiskeli, ila ukitaka kuzifikia salama sharti uwe na gari.

Nenda Karura Jumapili asubuhi ujionee. Magari yamepanga foleni kwenye lango la barabara ya Limuru, baiskeli zimefungwa nyuma, wenyewe wameketi ndani wakingoja nafasi ya kuegesha. Hatuwacheki. Anayejua jinsi matatu zinavyopita pale hawezi kumshauri mwanawe aendeshe baiskeli kutoka Pangani hadi msituni. Lakini mji ambao baiskeli hupakiwa kwenye gari ili ikaendeshwe kwingine una jambo la kujieleza.

Tusianze kwa kulalamika, maana vipande vyenyewe vipo na ni vizuri. Karura ina vijia vya zaidi ya kilomita 50 ndani ya hekta elfu moja na ushee, kila njiapanda ina nambari yake, na ukifuata ramani utapita kwenye maporomoko ya maji na mapango waliyojifichia Mau Mau. Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, ina hekta zipatazo 30 za miti iliyoletwa kutoka pembe nyingi za dunia. City Park bado ina msitu wa asili na kima wake wasiokuwa na adabu. Michuki Park, iliyofunguliwa mwaka 2020, imepewa jina la marehemu John Michuki, waziri aliyeamini kuwa mto Nairobi ungeweza kusafishwa wakati wengi walidhani anatania. Kusini kuna msitu wa Ngong Road, japo Southern Bypass imeupasua.

Sasa tazama ramani. Kutoka Arboretum hadi Makavazi ya Kitaifa, kutoka Makavazi hadi Michuki Park, kutoka City Park hadi ukingo wa Karura: hakuna hata safari moja hapo ya kumchosha mtu mwenye afya njema. Kinachozizuia ni barabara kuu zisizo na vivuko, kuta za watu binafsi, na ile tabia yetu ya kujenga bustani kisha kuizungushia ua na kusahau kwamba watu watatoka mahali fulani kuja humo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya starehe, ya watu wa viatu vya bei na chupa za maji mkononi. Tunapinga. Chunguzi za usafiri zilizofanywa Nairobi zimeonyesha kuwa safari nyingi hufanywa kwa miguu na kwa matatu, gari la binafsi likifuata nyuma kwa mbali. Alfajiri, wafanyakazi wanatoka Kibera kuelekea Industrial Area kabla jua halijachomoza, na wengi wao wanafuata reli, kwa kuwa reli ni njia ya mkato isiyo na magari. Hiyo huenda ndiyo njia ya waendao kwa miguu inayotumika kuliko zote mjini, na hakuna mhandisi aliyeichora. Ingefaa aulizwe yule anayetembea mguu mosi mguu pili kwenda kuripoti kazini kama kivuli, taa na ardhi isiyo na matope ni starehe.

Kaunti yenyewe inalijua hili. Mwaka 2015 ilipitisha sera inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi iwaendee wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ukiisoma sera hiyo utadhani unaishi mji mwingine. Ukitoka nje utakutana na Thika Superhighway, iliyofunguliwa mwaka 2012 ikiwa na njia za kando za miguu na baiskeli, ambako leo bodaboda, vibanda na magari yaliyoegeshwa yamejigawia nafasi, na mwenye baiskeli anasukumwa kurudi katikati ya malori.

Kuhangaikia kando za barabara ni sawa, lakini tunadhani jawabu kubwa zaidi liko mabondeni. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita Chiromo na Makavazi, unakata nyuma ya Kirinyaga Road, unapita Gikomba na kuendelea hadi Dandora. Mto Mathare unapita Muthaiga kabla ya kufika Mathare yenyewe. Mto Ngong unapita Mukuru. Mito yote inapita kwa tajiri na kwa maskini, na yote inaelekea mashariki, upande wenye watu wengi na bustani chache.

Ukingo wa mto si kiwanja. Kanuni zetu zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30, kuanzia pale maji yalipowahi kufika wakati wa mafuriko makubwa, uachwe bila jengo. Njia ambayo waendao kwa miguu na baiskeli wanaweza kupishana bila kugombana haihitaji zaidi ya mita nne. Tena mitaro mikuu ya majitaka imefuata mabonde hayo hayo, kwa kuwa majitaka hushuka yenyewe kuelekea mtambo wa Dandora kule Ruai. Mitaro hiyo inatakiwa kukaguliwa na kuzibuliwa, na mafundi wanatakiwa kuwa na pa kupita. Njia moja ingewafaa wote, lakini bado kila idara inajitafutia mlango wake.

Raleigh, mji mkuu wa jimbo la North Carolina huko Marekani, ulikuwa na shida kama hii. Ulikua haraka, ukajenga hadi kwenye vijito, maji yakaanza kuingia majumbani. Mwaka 1972 mwanafunzi wa chuo kikuu, William Flournoy, aliiandikia halmashauri ya mji ripoti akipendekeza mabonde yasijengwe bali yawe njia za watu, na kufikia mwaka 1974 mpango ulikuwa umeanza. Mji haukununua kila shamba. Aliyetaka kibali cha kugawa viwanja kando ya kijito aliambiwa aachie ukanda kwanza, na palipopita bomba la majitaka, njia iliwekwa juu yake. Leo mtandao huo umepita kilomita 160, na njia moja tu, inayofuata mto Neuse, ni kama kilomita 44. Wamechukua nusu karne kufika hapo, kipande baada ya kipande. Linalotuvutia ni sababu iliyowasukuma: walianza kwa kukimbia maji, na mazoezi ya mwili yakaja kama nyongeza. Mvua kubwa ikinyesha njia inafurika, watu wanakaa nyumbani siku mbili, kisha tope linafagiwa.

Sisi tulilipa bei nyingine. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua watu Mathare na kwingineko. Baada ya hapo serikali iliwaamuru walio ndani ya mita 30 za mito wahame, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Kuna familia zilizobaki na magodoro barabarani. Tulisema wakati huo, na tunarudia, kwamba kumwondoa mtu kwenye hatari bila kumwonyesha pa kwenda ni kumhamishia hatari nyingine. Na kamba ya kupimia iwe moja. Ikiwa mita 30 zinapimwa Mathare, zipimwe pia juu mtoni, kwenye kuta za mawe na majengo ya ghorofa yaliyokaa juu ya maji na kupewa vibali.

Lakini ardhi ikishaachwa wazi, nini kinafuata? Hapa ndipo tunapowaomba wakubwa watusikilize. Nairobi haina ardhi inayokaa wazi. Ina ardhi inayotumika na ardhi inayongoja mnyakuzi. Ukingo uliobomolewa majumba na kuachwa na vifusi utakuwa na mabati mapya kabla ya mvua nyingine, safari hii yakiwa na mlinzi mlangoni na hati mfukoni. Ukingo wenye watu wanaopita asubuhi na jioni una macho mengi mno kuibwa kimyakimya.

Karura ni ushahidi. Msitu ule ulihifadhiwa kisheria mwaka 1932, na bado miaka ya tisini ulikatwakatwa na kugawiwa wenye majina. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti walipigwa na kuumizwa. Msitu ukaokoka, ila kwa miaka mingine kumi ulibaki mahali pa kuogopwa, na mtu mwenye akili timamu hakuingia peke yake. Kilichoubadilisha ni jumuiya ya Friends of Karura iliyoundwa mwaka 2009 pamoja na Huduma ya Misitu: uzio, walinzi waliotoka vijiji vya jirani, vijia vyenye alama, na kiingilio cha Sh100 kilichodumu kwa miaka mingi. Leo wanawake wanakimbia humo peke yao, na jaribio lolote la kumega hata ekari moja linazua kelele siku hiyo hiyo.

Tunakiri kwamba mfano huu una mwiba. Karura iliokolewa na ua na kiingilio, nasi tunadai njia zisizo na ua wala kiingilio. Mwaka 2025 Huduma ya Misitu na jumuiya zilivutana hadharani kuhusu jinsi pesa za langoni zinavyolipwa na zinakokwenda, na mvutano huo ulionyesha jinsi lango linavyoweza kuwa mali ya kugombaniwa. Msimamo wetu ni huu: msitu unaweza kutoza, lakini njia ya kupita isitoze. Anayekwenda kazini hawezi kulipa kila asubuhi ili avuke bonde. Usalama wa njia utokane na taa, walinzi wanaolipwa, na vigingi vya chuma vinavyopitisha baiskeli na kuzuia pikipiki. Na utokane na watu wa pale pale. Kule Korogocho vijana walifagia jaa la taka kando ya mto wakalifanya bustani, na wanailinda wenyewe kwa sababu jasho lililoitengeneza ni lao.

Majirani hawajatusubiri. Kigali iliokoa ardhi oevu ya Nyandungu, hekta 121, ikaifungua mwaka 2022 ikiwa na njia za miguu na za baiskeli, na Jumapili mbili kila mwezi hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari. Kigali ina milima ya kumkatisha tamaa mwendesha baiskeli yeyote. Sisi tuna mabonde yenye mteremko wa pole. Hatuna kisingizio cha ardhi.

Wala cha pesa. Machi 2025 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa Sh50 bilioni wa kufufua mto Nairobi, kiasi cha kilomita 27 za bonde. Tumeona vijana wakifukua tope na tumefurahi. Tunachoogopa ni mpango kumalizika kwa mto ulionyooshwa, kingo zilizomwagiwa zege, na nyumba mpya zikikaa pale pale maji yanapotaka kupita. Njia si lazima iwe ya lami. Sehemu nyingi changarawe iliyoshindiliwa vizuri inatosha, na inakarabatiwa na watu wenye majembe wanaoishi jirani.

Kipande cha kwanza kiwe cha Makavazi hadi Gikomba, kupitia Michuki Park. Ni kifupi, hakizidi kilomita tano, na hakuna kipande kigumu kuliko hicho mjini, ndiyo sababu kianze. Pale Museum Hill barabara zimepandana juu kwa chini na mwenda kwa miguu hakufikiriwa. Kwenye mzunguko wa Globe anahitaji kivuko cha kweli, cha chini kwa chini kufuata mto, siyo ngazi za kumpandisha mwenye baiskeli begani. Nyuma ya Kirinyaga Road wako mafundi wa magari wa Grogan, na mafuta yao yanaingia majini. Gikomba wako wachuuzi wa mitumba waliojipanga hadi ukingoni. Wasifukuzwe usiku. Waitwe mezani mapema, waonyeshwe mchoro, wapewe nafasi nyingine iliyo karibu na wateja wao. Njia yenye watu elfu kadhaa kila siku ni soko, na mchuuzi anaelewa hesabu hiyo upesi kuliko afisa.

Limebaki suala la mwenyewe. Maji yana mamlaka yake, kingo zina mamlaka ya mazingira, NEMA, barabara zinazokatiza ziko chini ya mamlaka za barabara, KURA na KeNHA, msitu una Huduma ya Misitu, na mji una kaunti. Kila mmoja atakuambia anaunga mkono, kisha atakuelekeza ofisi ya pili. Gavana na serikali ya kitaifa wakae wateue afisa mmoja, jina lake litangazwe, apewe mamlaka juu ya kipande hicho tu cha Makavazi hadi Gikomba, na vivuko vyake viingizwe kwenye bajeti ijayo kwa majina na gharama zake, kuanzia kile cha Globe.