Shule Zetu Zinamfaulisha Nani?

Kila matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, sisi waamini huzisifu shule za Kanisa. Ni haki kuwashukuru walimu. Lakini haki hiyo hiyo yatudai tuulize: waliofaulu ni watoto wa nani?

Shule inayowachuja watoto kwa mtihani wa kujiunga, kisha ikawachuja wazazi kwa ada, huanza kazi na wanafunzi waliokwisha kuandaliwa. Shule ya kata humpokea kila aliyepangiwa, pamoja na yule atembeaye mwendo mrefu kwa tumbo tupu. Kuzilinganisha shule hizo mbili kwa ufaulu peke yake ni kutumia mizani ya udanganyifu. Tupime pia mtoto alipoanzia na alipofikia. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora. Sisi tungali tukizipanga midomoni mwetu.

Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Malezi ya Kikristo, la mwaka 1965, lakumbusha kwamba shule za Kikatoliki ziwajali kwanza maskini, wakosao msaada wa familia, na wasio na imani.

Basi, halmashauri za walei ziombe taarifa mbili kila mwaka: wangapi wamefaulu, na wangapi wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada au alama. Kila jumuiya ndogo ndogo itafute namna ya kumsomesha mtoto mmoja asiyejiweza. Shule isiyo na nafasi kwa maskini, hata ikiongoza taifa zima, bado haijafaulu mtihani wake.