Arbuni ya nyumba yenye deni iwekwe lini?

Katika jimbo la California, Marekani, mnunuzi anaweza kutiliana saini na mwenye nyumba leo na bado asiwe na uhakika wa kupata nyumba. Hali hiyo hutokea pale nyumba inapouzwa kwa bei iliyo chini ya deni la benki. Mwenye nyumba amekubali, lakini benki, ambayo ndiyo itakayobeba hasara, haijajibu.

Mauzo ya namna hiyo yalizagaa baada ya bei za nyumba kuporomoka kuanzia mwaka 2007. Sasa ni machache, lakini kila yanapotokea swali ni lile lile: eskro ifunguliwe lini?

Eskro ni utaratibu ambao mtu wa tatu, asiyeegemea upande wowote, hushika fedha na hati mpaka masharti yote yatimizwe. Katika mauzo ya kawaida jimboni humo, mnunuzi huweka arbuni ndani ya siku tatu za kazi baada ya makubaliano, na hupewa siku 17 za kukagua nyumba, isipokuwa mkataba ukieleza vingine.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye deni la dola 400,000 inayouzwa dola 300,000. Arbuni ya asilimia tatu ni dola 9,000. Benki ikichukua miezi minne kujibu, fedha hizo zitalala muda wote huo. Aidha, siku 17 zikihesabiwa tangu saini ya muuzaji, mnunuzi atalipia ukaguzi wa nyumba ambayo benki inaweza kukataa isiuzwe. Arbuni atarudishiwa, fedha ya mkaguzi haitarudi.

Ndiyo maana wanunuzi wengi huona heri kungoja barua ya benki. Hata hivyo, ngoja ngoja huumiza matumbo. Benki hutaka kwanza kuona makadirio ya hesabu za mauzo: nani atalipwa kiasi gani, na yenyewe itabakiwa na nini. Makadirio hayo huandaliwa na ofisi ya eskro. Upekuzi wa hati nao huonyesha kama kuna mkopo wa pili au kodi isiyolipwa. Mkopo wa pili ukigundulika baada ya benki ya kwanza kukubali, mazungumzo huanza upya wakati barua ya benki ina tarehe ya mwisho.

Muuzaji ana haraka zaidi. Kwa sheria za California, benki ikishasajili notisi ya kushindwa kulipa hungoja miezi mitatu, kisha hutoa notisi ya mnada ya siku zisizopungua 20. Mnunuzi asiyeweka hata senti anaweza kuondoka wakati wowote, na muuzaji akabaki na mnada mlangoni.

Njia yenye nafuu ni kutenganisha mambo mawili. Faili la eskro lifunguliwe mapema ili upekuzi na makadirio yafanyike. Siku za ukaguzi na sehemu kubwa ya arbuni zianze barua ikifika. Arbuni ndogo ya mwanzo itamtuliza muuzaji. Lakini hayo yote sharti yaandikwe katika nyongeza ya mkataba, pamoja na siku ambayo mnunuzi ataruhusiwa kujitoa benki isipojibu.