Jamani, Tuache Kumwita Mwoga Mtu Anayejua Kuacha!

Leo naongelea Risk, lile gemu la mezani la kuteka dunia nzima kwa dadu. Kuna kitu kimenikaa rohoni, acha nikitoe.

Jumamosi tulikuwa wanne geto kwa mshkaji. Mmoja ni dansa ambaye wengi mnamjua, jina kapuni. Mwingine ni dada anayeigiza kwenye tamthilia, naye kapuni. Dansa alikuwa anajenga taratibu. Kashika Amerika Kusini yote, nchi nne, kila zamu anakula bonasi ya askari wawili. Brazil kaweka askari 12, katulia zake. Sisi tukaanza: "Unaogopa nini? Hilo jeshi unalifuga?" Tukacheka kinoma. Na mimi nilikuwemo.

Basi jamaa akawaka. Akavamia Afrika Kaskazini, akachukua, kapoteza wawili tu. Kelele! Akahamisha jeshi lote, Brazil akaacha askari mmoja. Akaingia Misri, akachukua, kapoteza watatu. Sasa kabaki na watano pale Misri, na sisi bado tunaimba "twende, twende!" Akavaa Afrika Mashariki. Dadu zikamkataa, akabaki na mmoja. Zamu ya yule dada ilipofika, akashuka kutoka Ulaya Kusini, akafagia Afrika Kaskazini, akavuka mpaka Brazil. Bonasi kwisha. Jamaa akasema dadu zimemfanyia figisu, akaondoka bila kuaga. Mpaka leo meseji zetu anasoma tu, hajibu.

Mimi nasema dadu hazina kosa. Ukiwa na askari wanne au zaidi kwenye nchi, unarusha dadu tatu, anayelinda anarusha mbili. Hapo katika mirusho 100, kama 37 yeye anapoteza wawili, kama 34 kila mtu anapoteza mmoja, na kama 29 unapoteza wewe wawili. Una nafuu, ila ndogo. Ukishuka mpaka askari watatu, unabaki na dadu mbili, na kibao kinageuka: kama 45 unapoteza wewe wawili, na kama 23 tu anapoteza yeye. Kwanini? Kwa sababu namba zikilingana, anayelinda ndiye anashinda. Dansa alivuka hapo akaendelea kurusha, sisi tunapiga makofi.

Najua kuna watakaosema kukaa tu nako ni kufa taratibu. Kweli kabisa! Ukiteka hata nchi moja kwenye zamu yako unapata kadi, na kadi tatu zinazoendana zinaleta askari. Asiyeshambulia hapati kadi. Kwa hiyo sisemi ukae. Shambulia, chukua Afrika Kaskazini, kadi yako mkononi, halafu SIMAMA. Wengine rudisha Brazil, gemu linaruhusu kuhamisha jeshi mara moja mwisho wa zamu. Kesho ipo.

Kabla ya kurusha dadu jiulize swali moja tu: nikishinda hapa, nyuma nimemwachia nani mlango? Kama jibu linakutisha, hiyo nchi si yako bado. Huo sio uoga, ni akili.

Na sisi watazamaji tujitafakari. Anayepiga kelele "twende" hapotezi askari hata mmoja. Tulimsukuma mshkaji kwa maneno, alipoanguka tukacheka. Mimi nimeshamtumia meseji ya kuomba radhi, nasubiri. Kama unasoma hapa, mzee, Jumamosi njoo. Utacheza unavyotaka, nitafunga domo langu.

Haya wadau, wewe ungesimama Afrika Kaskazini au ungeendelea mpaka Misri? Na kosa ni la nani, lake au letu? Shuka kwenye comment, ila matusi hapana.