Si Zege Tupu

Aliyeandika kwamba ngome za mizinga za Wajerumani kwenye pwani ya Normandy ni zege tupu, na kwamba ramani na picha za vita zatosha bila akiolojia, aende Longues-sur-Mer. Ngome 4 bado zipo, na mizinga ya milimita 150 imo ndani. Moja imesambaratika, mgeni hudhani ni kazi ya manowari za Juni 6, 1944. Wapi! Iliraruliwa na shehena ya makombora ya Waingereza wenyewe, walipokwisha kuiteka. Ramani ya Mjerumani ingelijuaje hilo?

Na eti akiolojia ni ya vigae na makaburi ya kale. Kituo cha kuongozea mizinga hiyo kiko ukingoni mwa jabali linalomomonyoka. Tukisubiri kizeeke, tutakichimbua baharini.